Tupeane uzoefu: umezeeshaje treni zako za modeli mpaka zikaonekana zimefanya kazi?

Mpenda Garratt:

Habari zenu wakuu. Humu ndani tupo wachache tunaojenga na kuendesha treni za modeli. Picha zinazowekwa ni nzuri, ila nyingi ni za injini safi mno, rangi moja juu hadi chini, hata kwenye bogi (fremu za magurudumu chini) hakuna doa. Treni ya kazi haikai hivyo hata wiki. Naomba hapa tukusanye uzoefu wa kuzizeesha: masizi, kutu, vumbi, mafuta, michirizi ya mvua, rangi iliyopauka. Useme ni treni gani, ilifanya kazi njia ipi, na wewe ulifanyaje. Naanza mimi.

Yangu ni Garratt (injini ya mvuke yenye boila katikati ya seti mbili za magurudumu) ya klasi 59 ya East African Railways. Kwa wasiozijua, zilikuwa injini 34, zilizoundwa na Beyer, Peacock kule Manchester mwaka 1955 na 1956, kila moja ikapewa jina la mlima wa huku kwetu. Zilikuwa na uzito wa zaidi ya tani 250 na zilivuta mizigo kati ya Mombasa na Nairobi kwenye reli ya upana wa mita moja. Namba 5918, Mount Gelai, ipo Makumbusho ya Reli Nairobi, na kila nikifika mji ule lazima nipite kuikagua. Modeli yangu ni ya kipimo cha 1:87, inapita kwenye njia ya milimita 12, na rangi yake ni ile ile damu ya mzee.

Kabla ya kushika brashi nilijiuliza swali moja: uchafu huu umetoka wapi? Klasi 59 zilichoma mafuta mazito, si makaa ya mawe. Kwa hiyo lile vumbi jeusi la makaa mnaloliona kwenye modeli nyingi za Ulaya, kwenye 59 halina pa kutokea. Kilichopo ni mafuta. Tazama nyuma ya kibanda cha dereva, kwenye mfuniko wa kujazia: kutoka hapo inateremka michirizi myeusi, mizito, inayong'aa, na vumbi limenasa pembeni mwake. Masizi yake ni laini na ya kunata, yanatanda juu ya boila nyuma ya bomba la moshi na juu ya paa la kibanda. Kwenye injini za mafuta fayamani (wachochea moto) walikuwa wanatupia mchanga tanuruni ili ukwangue masizi ndani ya mabomba ya boila, na hapo ndipo lilipotoka lile wingu zito jeusi. Sehemu ya wingu hilo ilirudi kutua kwenye mgongo wa injini yenyewe.

Halafu kuna chokaa. Maji ya boila yakivuja kwenye valvu za usalama na kwenye vizibo vya kuoshea boila, yanakauka na kuacha michirizi myeupe. Hapa weka kidogo sana.

Mwisho ni vumbi jekundu la Tsavo. Kila aliyepita Voi anaujua udongo ule, hata tembo wa kule ni wekundu. Vumbi hilo hupanda kutoka chini: magurudumu, fremu, ngazi, sehemu ya chini ya tangi la mbele. Nilichukua udongo wenyewe, nikaukausha, nikausaga, nikauchekecha kwa soksi ya nailoni, kisha nikapitisha sumaku juu yake mara kadhaa. Hatua ya sumaku msiiruke, nawaomba. Udongo mwekundu unaweza kuwa na chembechembe zinazonaswa na sumaku, na zikiingia kwenye mota zinaimaliza.

Sasa kazi yenyewe. Napuliza kwanza vanishi isiyong'aa ili rangi zijazo zipate pa kushika. Nachukua akriliki ya kahawia iliyokolea, naizimua kwa maji mpaka iwe nyepesi kabisa, naipaka ubavu mzima wa tangi. Nasubiri mpaka kingo zianze kukauka, kisha nafuta kwa pamba ya masikio kutoka juu kwenda chini, mkono mmoja bila kurudi. Kinachobaki kwenye mishono ya mabati na kuzunguka vichwa vya ribiti (pini za kuunganishia mabati) ndicho ninachokitaka. Usifute kwa kuzungusha, maana maji ya mvua hayazunguki ubavuni. Masizi nayaweka kwa unga mweusi na brashi kavu, ila nyeusi nachanganya na kahawia, kwa sababu nyeusi tupu kwenye kitu kidogo inaua kila umbo lililo chini yake. Mafuta yanakuja mwisho kabisa: nyeusi na kahawia ndani ya vanishi ya kung'aa, na baada ya hapo sipulizi kitu tena, mng'ao ule usije ukafa.

Haya, na wengine.

Mwana Kajiado:

Asante sana kwa huu uzi. Mimi napenda mabehewa kuliko injini, hasa ya njia ya Magadi. Reli ile inaachana na njia kuu pale Konza, inapita Kajiado, inashuka mpaka ziwani, na mzigo wake mkubwa ni magadi. Nimekulia karibu na njia ile, kwa hiyo nazungumzia kitu nilichokuwa nikikiona nikitoka shule.

Watu wengi wakisikia kuzeesha wanakimbilia kutu. Behewa la magadi kwanza ni jeupe. Unga unamwagika wakati wa kupakia, unakaa juu ya paa na kwenye kila ukingo, mvua ikinyesha unayeyuka na kuteremka, jua likitoka unakauka na kuwa gamba. Kutu ipo, ila imejificha chini ya weupe huo na inachungulia pale gamba lilipobanduka. Kwa hiyo mimi naanza na kutu, halafu ndiyo naweka magadi juu yake. Ukianza na nyeupe, kutu itaonekana imebandikwa.

Nyeupe natumia rangi ya mafuta ya wachoraji. Naweka vitone vidogo chini kidogo ya ukingo wa paa, kisha navuta kila kitone kwenda chini kwa brashi yenye unyevu kidogo wa tapentaini. Kitone kimoja kinatoa mchirizi mmoja, mnene juu, mwembamba chini. Nachanganya na kijivu na njano kidogo, vinginevyo weupe unapiga kelele. Magadi yenyewe, haya ya kulainishia maharagwe, msiyatumie: yananyonya unyevu hewani na ni makali kwa rangi.

Na chini ya behewa usiweke vumbi jekundu la Tsavo peke yake. Kuzunguka Konza ni udongo mweusi wa mbuga. Msimu wa mvua tope lake ni jeusi, likikauka ni kijivu. Behewa lililotoka Magadi likafika Mombasa linabeba rangi zote tatu, na ukizipanga vizuri mtu anaweza kuisoma safari kwa macho tu.

Mpwani Leeds:

Shikamooni wakubwa, na wenzangu hamjambo. Niko Uingereza miaka mingi, kwa hiyo nimejikuta kwenye treni za hapa, kipimo cha OO (1:76). Ninachokipenda kupita vyote ni yale mabehewa ya chuma ya makaa ya mawe ya British Rail, ya tani 16, rangi ya kijivu, yenye mstari mweupe wa mshazari ubavuni unaoonyesha ni mwisho upi wa behewa wenye mlango wa kumwagia.

Niwaambie nilichojifunza kwa kutazama picha za zamani: kutu ya behewa hili inaanzia ndani. Makaa yanaangushwa kutoka juu, yanagonga bati, bati linabonyea kuelekea nje, na rangi ya nje inapasuka palepale. Kwa hiyo mabaka ya kutu yanakuwa katikati ya bati na kando ya mishono. Ukiyatawanya ovyo, anayelijua behewa hili ataona mara moja.

Mbinu yangu ni dawa ya kupuliza ya nywele, hii ya kushikisha mtindo. Napaka behewa zima rangi za kutu, kahawia iliyokolea kwanza, kisha madoa ya rangi ya chungwa machache, maana kutu ya zamani ni nyeusinyeusi na ile mpya ndiyo inayong'aa. Nalinda kwa vanishi. Likikauka napuliza dawa ya nywele, ikikauka napuliza kijivu cha akriliki juu yake. Halafu naloweka kidogo kwa maji vuguvugu pale ninapotaka bovu, nachokoa kwa brashi ngumu iliyokatwa fupi. Dawa ya nywele inalainika chini, kijivu kinabanduka vipande vipande, kingo zake zikiwa kali kama rangi iliyobanduka kweli. Hakuna brashi inayoweza kuchora kingo zile.

Jambo jingine, jamani: msizeeshe treni nzima sawasawa. Weka moja limetoka karakana juzi, moja lina bati jipya, moja limeoza kabisa, mengine katikati. Treni ya mabehewa yote yaliyochakaa kwa kiwango kimoja haijawahi kuwepo.

Fundi wa Tanga:

Dada wa Leeds, hiyo ya dawa ya nywele nimeichukua.

Mimi nazungumzia hali ya hewa, kwa sababu maelekezo mengi ya vitabuni yameandikwa kwa nchi kavu na baridi. Pwani yetu ina unyevu. Vanishi ya kopo isiyong'aa ukiipuliza siku yenye mawingu mazito au baada ya mvua, inapauka, inatanda ukungu mweupe juu ya kazi yako yote. Mimi napuliza mchana wa jua, kopo nimelipasha kwenye maji ya uvuguvugu (siyo ya moto, na kamwe siyo jikoni), tabaka jembamba sana, nasubiri, tabaka jingine. Kiangazi ndiyo msimu wangu wa vanishi. Masika nafanya kazi za brashi, unga na penseli.

Tahadhari nyingine ni kwa wanaozimua rangi kwa isopropanoli (alkoholi ya kusafishia): juu ya baadhi ya vanishi zisizong'aa nayo inaleta weupe huohuo. Jaribu kwanza kwenye kipande cha plastiki. Wapo wanaoutumia weupe huo makusudi kupata rangi iliyopigwa na jua miaka mingi, na kwa paa la behewa la abiria unapendeza sana.

Kijana wa Mlimba:

Wakuu, TAZARA haijatajwa na mimi siwezi kunyamaza. Kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, kazi ya Wachina, Watanzania na Wazambia, ilikabidhiwa mwaka 1976. Reli yake ni ya milimita 1,067, lakini kwa kipimo cha 1:87 nayo inakubali njia ya milimita 12, sawa na reli ya mita.

Kwetu jambo kubwa ni breki. Treni inayotoka Makambako inashuka milima mpaka bonde la Kilombero, na mteremko wote ule viatu vya breki vinasaga magurudumu. Vumbi lake ni la chuma, linapata unyevu, linageuka kahawia yenye wekundu, linajipaka kwenye bogi, kwenye fremu na sehemu za chini za mabehewa. Kwa hiyo kahawia ya chini ya treni ya TAZARA si udongo peke yake. Natumia rangi mbili tofauti: ya breki inakaa karibu na magurudumu na imekolea, ya udongo inasambaa zaidi na imefifia.

Na kwa injini za dizeli msisahau mahandaki. Moshi ukikosa pa kwenda unarudi kwenye paa. Napuliza masizi kuanzia tundu la moshi kwenda nyuma, yakififia taratibu.

Mgeni wa Reli:

Samahanini wakubwa, mimi ndiyo naanza. Nina injini moja ya dizeli ya Kichina ya HO (kipimo cha 1:87), nataka iwe kama za SGR ya Mombasa na Nairobi. Sina kompresa wala bomba la kupulizia rangi. Naweza kweli? Na naogopa isije ikaacha kutembea.

Mpenda Garratt:

Karibu sana mdogo wangu. Umechagua vizuri, reli ya SGR ni milimita 1,435, kwa hiyo njia ya kawaida ya HO ya milimita 16.5 ni kipimo chake halisi. Treni zake zimeanza mwaka 2017, bado changa, usiipe kutu ya miaka hamsini. Inahitaji vumbi la Tsavo chini na usoni, wadudu na michirizi kwenye kioo cha mbele, masizi kidogo juu. Nusu duara safi pale wipa inapofuta, ziba kwa karatasi ya gundi kabla ya vumbi. Hivyo vyote ni brashi na unga, kompresa haihitajiki.

Fundi wa Tanga:

Kuhusu kutembea: umeme unaingia kupitia sehemu ya gurudumu inayogusa reli na zile pini za shaba nyuma yake. Hapo pasiguswe na rangi, vanishi wala unga. Ganda la juu litoe, lifanyie kazi peke yake. Magurudumu yapake uso wa nje tu, injini ikizunguka taratibu kwa nyaya mbili huku umeishikilia kichwa chini, brashi imetulia. Ukimaliza, futa sehemu ya kugusa reli kwa isopropanoli. Gia usizikaribie kwa unga hata siku moja.

Mgeni wa Reli:

Asanteni sana. Basi naanza na behewa la kontena kwanza, injini baadaye.

Mwana Kajiado:

Sawa kabisa. Ukifika kwenye ngazi, vishikio na viungio vya mabehewa, chukua penseli laini ya 4B, sugua pale mikono na viatu vinapopita kila siku. Chuma kilichong'arishwa na matumizi kinatoka chenyewe. Picha ziweke hapahapa, hata za nusu kazi.