Mashine ya tofali inapanda kwa kushtukashtuka, msuguano wa silinda naupimaje?

Fyatua_Kizota:
Habari zenu wakuu. Niko Kizota hapa Dodoma, tuna mashine ya haidroliki ya tofali za intaloki, silinda imesimama wima inasukuma sahani kwenda juu. Asubuhi na baridi hii ya Julai inapanda kwa kushtuka, geji ya presha kwenye pampu inasoma baa 40 na udongo hamna kabisa. Fundi mmoja anasema sili (zile ringi za kuzuia oili isivuje kwenye silinda) zimekufa, mwingine pampu imechoka, bosi kagoma kutoa hela mpaka nimpe namba ya msuguano. Naipataje? Silinda kipenyo cha ndani 100 mm, rodi kipenyo 56, sahani na mazagazaga yake kama kilo 300.

Zabibu Chungu:
Pampu ikichoka mashine inakua nzito na presha haifiki, haikupi 40 bila mzigo. Huyo fundi wa pili muulize vizuri 😂

Mzee wa Geji:
Mkuu hiyo 40 isikutishe, humo kuna hozi, valvu na oili nzito ya asubuhi, sio silinda peke yake. Funga geji mbili kwenye matundu ya silinda yenyewe, chini na juu, halafu pandisha taratibu kwa spidi isiyobadilika maana ikiwa inaongeza mwendo kuna nguvu nyingine inaingia hapo. Chini eneo ni sm² 78.5, juu ukitoa rodi inabaki 53.9, na baa moja ni nyutoni 10 kwa kila sm². Tuseme chini umesoma 9 juu 5: 7,065 toa 2,695 unabaki na 4,370, toa uzito 2,940 (kilo 300 mara 9.8), msuguano ni kama nyutoni 1,430. Watu wengi wanasahau ile presha ya upande wa kurudi alafu wanalaumu sili. Kama kilo 300 huna uhakika nazo pima na kushuka kwa spidi ileile, ile nguvu ya chini toa ya juu uliyopata ikipanda, toa uliyopata ikishuka, gawa kwa 2, uzito unajifuta wenyewe.

dada_wa_wekshop:
Naongezea, usipime spidi moja tu. Sili ikiwa imesimama inang'ang'ania, ikianza kwenda msuguano unashuka, spidi ikizidi unapanda tena sababu ya oili, ndo maana ikienda polepole inashtuka. Hewa kwenye oili nayo inashtua hivyohivyo. Pima asubuhi, rudia oili ikipata moto, ikishuka sana angalia kama mmeweka oili namba 68 (nzito zaidi) badala ya 46. Isiposhuka chomoa rodi kwenye sahani uendeshe silinda tupu, ukiona msuguano umeshuka sana basi sili hazina kosa, ni guide za sahani (vyuma vya kuiongoza ipande wima) zimepinda zinabana.

Fyatua_Kizota:
Aisee asanteni. Geji zilizopo stoo ni za baa 250, zinafaa?

Mzee wa Geji:
Hapana kaka, baa 9 kwenye geji ya 250 mshale unatikisika tu, tafuta za 25, ila hizo ni za kupimia bila udongo, ukianza kufyatua zitoe zitapasuka. Na kabla hujafungua hozi shusha sahani mpaka chini, zima mota, chezesha lever ya valvu huku na huku presha itoke.