Tupeane uzoefu: uliyewahi kusimama uwanjani kuwaona wakongwe wa rock, ilikuwaje?

Mleta mada, London

Wadau, salaam. Humu tunazungumza sana dansi na taarab, lakini najua wapenzi wa rock tupo, tumekaa kimya tu. Aliyewahi kuhudhuria tamasha kubwa la nje la bendi kongwe aje asimulie: ulichoona, ulichosikia, na cha kuwaambia wanaojiandaa kwenda. Naanza mimi.

Juni 25, 2022, bustani ya Hyde Park hapa London, bendi ya Rolling Stones. Bendi ilikuwa inatimiza miaka 60 tangu ianze mwaka 1962, na ndiyo mara ya kwanza wanapiga London bila Charlie Watts, mpiga dramu wao aliyefariki Agosti 2021. Kabla hata hawajatokea, picha zake zilipita kwenye skrini. Mzee mmoja mbele yangu, mvi kichwa kizima, alivua kofia na hakuirudisha mpaka bendi ilipoanza. Pale nyuma ya dramu alikaa Steve Jordan, na alipiga kwa adabu ya mtu anayejua kiti hicho kilikuwa cha nani.

Mick Jagger, muimbaji wao, alikuwa amebakiza mwezi mmoja kutimiza miaka 79. Tena mapema mwezi huohuo aliugua Uviko, onesho la Amsterdam likaahirishwa watu wakiwa wameshafika uwanjani. Siku ile alikimbia jukwaa mwanzo mpaka mwisho! Katikati alimpisha mpiga gitaa wao Keith Richards aimbe nyimbo zake, yeye akaenda kuvuta pumzi. Hapo ndipo niliponaswa. Keith hafukuzani na gitaa. Anapiga kidogo, ananyamaza, anamwachia mpiga gitaa mwenzake Ronnie Wood nafasi, halafu anarudi pale unapomtaka. Nimesikiliza kanda zao tangu utotoni kwa mjomba, na huo ukimya wa katikati sikuwahi kuusikia vizuri mpaka niliposimama pale.

Mchangiaji, Toronto

Asante dada kwa mada. Yangu ni ya zamani: Julai 30, 2003, Downsview Park hapa Toronto. Mji ulikuwa umetoka kwenye mlipuko wa SARS, ule ugonjwa wa mapafu, wageni wameukimbia, hoteli tupu. Rolling Stones wakaja kuongoza tamasha la kuurudishia uhai. Tiketi dola 21.50 za Kanada, basi hata sisi wageni tuliokuwa tunaosha vyombo tuliimudu. Watu walikadiriwa kati ya 450,000 na 500,000. Mimi ni wa Mombasa, nimeona halaiki za siasa na za maulidi, lakini ile sikuwahi kuiona mwisho wake.

Nitawaudhi mashabiki wa Stones: usiku ule ulikuwa wa bendi nyingine, AC/DC. Mpiga gitaa wao Angus Young na kaptura yake ya sare ya shule, nduguye Malcolm, naye na gitaa lake, amesimama nyuma kando ya spika, mkono wa kulia hautulii. Watu wanamtazama Angus, lakini ukitaka kujua bendi ile inasimama juu ya nini, msikilize Malcolm. Alifariki 2017, na nashukuru Mungu nilimuona.

Jua lilikuwa kali, foleni za maji ndefu. Nendeni na kofia, na mle kabla ya kuingia.

Mchangiaji, Unguja (zamani Leicester)

Mie yangu ni bendi ya Queen, na ina uchungu wake. Walikuwa wapige Hyde Park Julai 8, 2005. Tarehe 7 yakatokea mabomu ya London. Onesho likasogezwa hadi tarehe 15, na maelfu ya tiketi za bure zikatolewa kwa wahudumu wa dharura. Tuliingia tukiwa na hofu. Kila mwenye begi anatazamwa.

Alikuwa akiimba Paul Rodgers, kwa kuwa muimbaji wao Freddie Mercury alikuwa ameshafariki. Ulipofika ule wimbo wao mkubwa wa vipande vingi, Bohemian Rhapsody, hakuimba yeye mwanzo. Sauti ikaja kutoka kwenye skrini, Freddie mwenyewe, na Brian May kwenye gitaa na Roger Taylor kwenye dramu wakamfuata kwa vyombo kana kwamba yupo. Freddie alizaliwa hapa kwetu Septemba 5, 1946, Farrokh Bulsara. Maelfu ya Waingereza wanaimba naye, na mimi mtoto wa Mji Mkongwe nimo katikati, naimba na kulia. Hasa nilitaka kumshika bega kila mtu nimwambie, huyu ni wetu pia.

Mchangiaji, Dar

Mimi ni fundi mitambo, niongeze la kitaalamu kidogo. Wengi wanakimbilia mbele kabisa. Pale utawaona wasanii, lakini sauti unayopata ni ya besi na vyombo vya jukwaani, sauti ya muimbaji inakupita juu. Simameni karibu na banda la mafundi wa sauti, lile lililo uwanjani likitazama jukwaa, kwa sababu fundi anapanga sauti kwa masikio yake akiwa pale.

Na mkiwa nyuma msishangae kuona minara ya spika katikati ya uwanja. Sauti husafiri takriban mita 340 kwa sekunde, kwa hiyo ya jukwaani humfikia aliye mita 100 baada ya karibu theluthi ya sekunde. Spika za minara tunazichelewesha makusudi ili zilingane nayo. Bila hivyo mtu wa nyuma angesikia kila neno mara mbili. Vizibo vya masikio pia vaeni, hasa mliokuja na watoto.

Mchangiaji, Kampala

Nasoma tu. Endeleeni, ndugu zangu.

Mchangiaji, Birmingham

Naomba ushauri. Mama yangu ana miaka 71, anatumia kiti cha magurudumu, na anampenda sana Brian May, kuliko hata mimi ninavyojua. Ataweza haya mambo ya uwanjani?

Mleta mada

Ataweza kabisa, mpeleke. Hyde Park kuna jukwaa lililoinuliwa la watu wenye ulemavu, anaona juu ya vichwa vya watu. Omba nafasi hiyo mara tu unaponunua tiketi, kwa sababu zinaisha mapema, na uliza tiketi ya msaidizi. Mkubaliane mahali pa kukutana mkipotezana, maana umati ukishajaa simu hazishiki. Chukua blanketi: mchana jua, usiku baridi inashuka ghafla. Mkirudi, njoo hapa utuambie mama alisemaje.