Nyuzi gani zinafaa gitaa kavu? Vidole vimeisha na sauti haieleweki (Kigoma)

Dagaa_wa_Kibirizi
Wakuu habari za humu. Niko Kigoma hapa Mwanga, napiga gitaa kavu kwaya ya vijana, siyo mtaalamu ila kodi (ule mshiko wa nyuzi kadhaa kwa pamoja) za G, C, D nashika vizuri na F kwa shida. Gitaa nimeachiwa na shemeji aliyehamia Mwanza, halina jina popote. Nyuzi zilizokuwepo zilishaota kutu nikaenda duka moja wanauza spika na vifaa vya simu, jamaa akanitolea pakiti akasema shika hizi, nyuzi za gitaa zote ni zile zile bwana. Nikafunga.

Sasa shida zimeanza, sauti imekuwa nyembamba kama redio iliyoishiwa betri, zile nyuzi nene kinanda kikiingia hazisikiki kabisa, halafu uzi wa tatu unanitesa, natyuni na simu inaniambia iko sawa, nikishika E inakuwa imepanda. Uzi wa kwanza nao unakatika hovyo. Na vidole vinauma mpaka naogopa mazoezi.

Watu wananichanganya, mmoja anasema chukua nyuzi nzito ndio zina sauti mwingine anasema funga za nailoni vidole vipone. Pia pale parokiani kuna gitaa la zamani lenye shingo pana, lina nyuzi za plastiki na mbili zimeshakatika, nilitaka nikiagiza hizi za chuma nilifunge na lile moja kwa moja. Naombeni ushauri, niagize zipi?

Tozi wa Gungu
Mkuu chukua D'Addario maliza kazi, utanishukuru. Hayo mengine ni kujitesa tu

Fundi_Katubuka
Tozi hapo hujamjibu kitu, D'Addario wana pakiti za kila aina, za gitaa la umeme wanazo, za nailoni wanazo, za besi wanazo. Akienda dukani akataja jina la kampuni peke yake atapewa chochote kilichopo kwenye shelfu, na nahisi ndicho kilichompata.

Dagaa nijibu kwanza. Huo uzi wa tatu (hesabu kutoka ule mwembamba wa chini) umezungushiwa waya kwa juu au ni waya mtupu kama wa kwanza na wa pili? Na pakiti imeandikwa namba gani?

Dagaa_wa_Kibirizi
Ni mtupu fundi. Pakiti ninayo bado, 10-46. Zile nene rangi yake nyeupe kama fedha

Fundi_Katubuka
Basi umefungiwa nyuzi za gitaa la umeme ndugu yangu. Mgonjwa tumemjua.

Gitaa la umeme linapokea sauti kwa sumaku, ndio maana nyuzi zake nene zinazungushiwa nikeli au chuma, sumaku inavisoma vizuri. Gitaa kavu halina sumaku, linategemea ubao wa mbele utikisike, kwa hiyo nyuzi zake nene zinazungushiwa bronzi na zinakuwa na uzito wa kuusukuma huo ubao. Ukiangalia zina rangi ya dhahabu au ya shaba, siyo fedha. Hizo ulizofunga zinalia lakini ubao hausukumwi vya kutosha, ndio ule wembamba unaousikia na kinanda kikiingia unapotea.

Na huo uzi wa tatu sasa. Kale kamfupa keupe kwenye briji (kile kibao kilichogandishwa kwenye ubao wa mbele, nyuzi zinapofungiwa) ambako nyuzi zinapita, ukikatazama vizuri hakajanyooka, kamewekwa mshazari na pengine kamechongwa chongwa, hiyo ni hesabu ya kufanya kila uzi ulie sawa ukiubana. Kwenye gitaa kavu hesabu hiyo imepigwa kwa uzi wa tatu uliozungushiwa. Ukiweka waya mtupu mnene pale, ukiwa wazi utasoma sawa kwenye simu ila ukibana unapanda, na ukishika E uzi wa tatu ndio unabanwa freti ya kwanza (freti ni vile vichuma vilivyolala kukatiza shingo). Hata utyuni mpaka asubuhi. Masikio yako yako sawa kabisa mkuu usijilaumu.

Mama Kwaya Ujiji
Kumbe! Huyu kijana wetu tulikuwa tunamsema hajui kutyuni jamani 😂

Fundi_Katubuka
😂 Mumwombe radhi.

Sasa kuhusu lile la parokia, na hapa naomba unisikie vizuri kabla hujagusa kitu. USIFUNGE NYUZI ZA CHUMA. Shingo pana na nyuzi za plastiki, hilo ni gitaa la klasiki, limejengwa kwa nailoni tangu siku ya kwanza. Seti ya nailoni ya kawaida ikishatyuniwa inavuta jumla kama kilo 40 hivi. Seti ya chuma ya 12-53 inavuta zaidi ya kilo 70. Ubao wake wa mbele ni mwembamba na mbao za ndani zinazoushikilia ni nyepesi, na magitaa mengi ya aina hiyo hayana kile chuma cha ndani ya shingo cha kuizuia isipinde. Ukifunga chuma litalia vizuri, tena kwa sauti kubwa, utafurahi, utasema fundi alikuwa ananitisha. Baadaye utaona tumbo linavimba nyuma ya briji, nyuzi zinapanda juu, shingo inavutika mbele, na siku moja briji inang'oka na kipande cha ubao. Nimeletewa ya hivyo, ya makanisani ndio yanaongoza kwa sababu mpigaji anabadilika kila mara na kila mmoja anafunga alichonacho.

Kuyatofautisha angalia briji. Kama nyuzi zinaingia kwenye matundu na kuzuiwa na pini sita za plastiki au mfupa, hilo ni la chuma. Kama uzi unapitishwa kwenye kitundu halafu unajifunga wenyewe fundo juu ya briji, hilo ni la nailoni. Angalia na kichwani, la klasiki lina mifereji miwili mirefu iliyotobolewa na uzi unajizungushia kwenye vigogo vya plastiki vipana. Kwa hiyo lile la parokia liagizie seti yake ya nailoni, mvutano wa kawaida, na hiyo ya kukwambia funga nailoni kwenye la kwako achana nayo pia, ubao wako ni mgumu, nailoni haitausukuma, halafu nyingi hazina hata kale kaduara cha mwishoni cha kushikwa na pini.

Mnyamwezi_Halisi
Mwangaluka wadau, niko Tabora huku. Fundi kamaliza upande wa ujenzi, mimi niongezee upande wa namba maana hapo ndipo watu wengi wanapigwa.

Hizo namba ni unene, sehemu ya elfu ya inchi. 12 maana yake uzi wa kwanza una inchi 0.012, kama milimita 0.3, na 53 ni ule mnene wa mwisho. Kwa gitaa kavu zinazozunguka ni 10-47, 11-52, 12-53 na 13-56. Pakiti ya 12-53 (Martin wao wanaandika 12-54) ndio viwandani wanafungia magitaa mengi. Sasa Dagaa wewe vidole vinauma na bado unahangaika na F, anza na 11-52. Za 10 ni laini kabisa zinabanika kama mlenda ila ukicharaza kwa nguvu zinapiga piga kwenye freti na sauti inapungua, na kwaya lazima utacharaza, hakuna anayepiga kwa adabu kwenye wimbo wa sadaka. Ungekuwa unapiga kwa vidole tu nyumbani ningekwambia chukua 10 bila kufikiri. Aliyekushauri nyuzi nzito hajakosea kwamba sauti inaongezeka, ila 13 ni za mtu mwenye vidole vilivyoota sugu na gitaa ambalo analiamini, hilo la shemeji halina jina hatujui limejengwaje.

Ila kabla ya kulaumu nyuzi pima urefu. Chukua rula, pale freti ya 12, kutoka juu ya freti mpaka chini ya uzi mnene. Ikiwa milimita 2 na nusu hivi uko vizuri, ikiwa 4 hata ukifunga nyuzi za hariri vidole vitauma. Hapo dawa ni kushusha kale kamfupa ka kwenye briji, kanatolewa kanasuguliwa msasa kwa CHINI siyo juu, kidogo kidogo, ukipitiliza kakirudi nyuzi zitakoroma.

Na huku kwetu kiangazi kikikolea, mwezi wa nane wa tisa, hewa inakauka mpaka mbao zinasinyaa, ubao unashuka na nyuzi zinaanza kukoroma zenyewe, halafu mvua zikianza unavimba zinapanda tena. Usikimbilie kusugua kitu wakati huo subiri uone.

Tozi wa Gungu
Sawa nimeelewa mimi ni mshabiki wa kampuni 😅 ila hiyo bronzi si kuna mbili? Nimeona moja bei tofauti

Mnyamwezi_Halisi
Zipo mbili ndio. Kuna ya 80/20, shaba 80 zinki 20, hiyo ikiwa mpya inang'aa kwa sauti, kali, ila inachuja haraka. Nyingine ni fosfa bronzi, shaba na bati kidogo na fosforasi ndani yake, hiyo D'Addario ndio waliileta kwenye gitaa kavu mwaka 1974, ina joto kidogo na inakaa muda mrefu kabla ya kufubaa. Kwa mtu wa Kigoma ambaye pakiti inapanda basi kuja kwake mimi naona fosfa bronzi, huwezi kuwa unaagiza kila mwezi.

Kuna na zile zilizopakwa utando kama Elixir, jasho haliingii kwenye mizunguko. Zinadumu kweli kweli ila bei imesimama, na uzi wa kwanza ukikatika umekatika tu, utando hauzuii hilo.

Ziwani Boy
Hapa Kigoma chukua hizo zenye utando tu, hewa ya ziwa inakula chuma balaa, nyuzi zangu zinaota kutu nikiwa sijazigusa

Fundi_Katubuka
Ziwa Tanganyika ni maji baridi mkuu siyo bahari, hakuna chumvi kwenye hiyo hewa. Unyevu wa masika upo nakubali, ila kinachokula nyuzi za watu wengi ni mikono yao wenyewe. Jasho lina chumvi. Angalia nyuzi zako kutu imeanzia wapi, utakuta ni freti ya kwanza mpaka ya tano unaposhika kila siku, kule karibu na mwili wa gitaa zinang'aa. Kitambaa kikavu, ukimaliza kupiga pitisha kila uzi juu na chini yake, basi.

Ziwani Boy
Za kwangu zimeota zote mpaka kichwani mzee, gitaa linakaa dirishani

Fundi_Katubuka
Litoe dirishani.

Mzee wa Ridhimu
Vijana mnanifurahisha. Mimi ni wa Tabora, nimekua enzi za Tabora Jazz, tulikuwa tunasimama nje ya ukumbi kusikiliza kwa sababu kiingilio hatuna. Nyuzi zilikuwa hazipatikani, ukikatika uzi wa kwanza unatafuta waya wa breki ya baiskeli, unaufumua unatoa kauzi kamoja ndani unafunga. Ulikuwa unalia! Ila freti zilikuwa zinalika kama zimepigwa tupa na vidole usiseme. Leo mtu ana namba mpaka za elfu ya inchi anachagua.

Swali langu kwa fundi, sisi tulikuwa tunachemsha nyuzi zikichuja, unazivua unaziweka kwenye sufuria maji yakichemka dakika chache unakausha vizuri, zinarudi kama mpya. Mbona sioni mnalisema?

Fundi_Katubuka
Shikamoo mzee. Inafanya kazi kwa muda, maana inatoa mafuta na uchafu ulioganda kwenye mizunguko, wapiga besi walikuwa wanafanya sana kwa sababu nyuzi zao ghali. Lakini inarudi siku chache tu, na kuvua na kufunga tena uzi uliokwishapinda ndio unakatikia pale pale kwenye kona. Kwa besi sawa. Kwa hizi nyembamba za gitaa kavu hapana mzee wangu.

Mzee wa Ridhimu
Marahaba. Hapo sikubaliani na wewe ila tuendelee

Dagaa_wa_Kibirizi
Wakuu nashukuru sana. Nimepima na rula, uzi mnene kama milimita 3. Briji ina pini sita, lile la parokia nimekwenda kulitazama ni mafundo kweli na kichwa kina mifereji. Kwa hiyo naagiza 11-52 fosfa bronzi, na seti ya nailoni. Imebaki kukatika, uzi wa kwanza unakatikia kule juu kwenye kale kamfupa ka karibu na kichwa, mara zote hapo hapo. Nikifunga mpya si utakatika tena?

Fundi_Katubuka
Utakatika, kwa hiyo shughulikia kwanza. Uzi ukikatikia sehemu moja kila mara siyo kosa la uzi, mfereji wake una ncha kali au unaubana. Chukua msasa laini kabisa ule wa namba kubwa, kunja kipande, pitisha kwenye huo mfereji kama mara tatu nne bila kukandamiza, unatoa ukali tu, usichimbe, ukichimba uzi utakoroma ukiwa wazi. Halafu chora chora humo ndani na penseli ya kawaida, ile risasi ya penseli inateleza, uzi hautang'ang'ania ukikaza. Ungekuwa unakatikia kwenye pini ningekwambia kitu kingine.

Ukifunga vua mmoja funga mmoja, usivue zote sita kwa pamoja kama huna haja ya kusafisha. Kaduara kagande chini ya ubao ndio uweke pini, vuta uzi kidogo usikie kamekaa, wengi wanakaacha kanakaa kwenye ncha ya pini halafu usiku pini inaruka kama risasi. Kule juu acha nafasi ya mizunguko miwili mitatu mizunguko ikishuka chini, siyo kupandiana. Zikishakaa zivute vute kwa mkono utyuni tena, la sivyo Jumapili utakuwa unatyuni katikati ya misa. Milimita 3 usiguse kwanza, funga 11 usikie vidole vinasemaje.

Kupata: Dar ndio uhakika, mtu anakuwekea kwenye basi, bahasha ndogo haina shida. Mwambie akupigie picha ya pakiti KABLA hajalipa, nyuma na mbele, uone namba 11-52 na uone bronzi. Akikuambia hiyo haipo ila hii nayo ni ya gitaa, mwambie aondoke hapo.

Kasulu_12
Samahani kuingilia, la kwangu lina nyuzi 12, nafunga seti mbili za 11?

Mnyamwezi_Halisi
Hapana!! Ya nyuzi 12 ina seti yake, tafuta 10-47 ya nyuzi 12, mle ndani kwenye jozi nne za upande wa nyuzi nene, moja ni nyembamba inalia oktavu ya mwenzake, yaani noti ile ile ila juu zaidi. Ukifunga seti mbili za 11 hilo gitaa utalikusanya vipande. Fungua mada yako mkuu weka na picha ya briji, tuje huko.