Joto la Muscat na ukungu wa Salalah: tujiandae vipi mwishoni mwa kiangazi?

Swali

Assalaam alaykum, ndugu zangu mlioko Oman. Mimi na mama tutaondoka Mombasa katikati ya Agosti kwenda kukaa mwezi mmoja kwa jamaa zetu wa Muscat, na mjomba amepanga kutupeleka Salalah kwa gari katika wiki ya kwanza ya Septemba. Wako wanaotuambia tubebe sweta, na wako wanaotucheka kwa kufikiria baridi ya Uarabuni wakati huo. Inakuwaje nchi moja iwe na hali mbili zinazopingana hivyo katika mwezi uleule, na je, tutaukuta bado ukungu wa Salalah?

Mkaazi wa Seeb

Wa alaykum salaam. Wote wamesema kweli, ila kila mmoja anazungumzia upande wake. Huku Muscat joto la mchana mwishoni mwa Agosti bado hupita nyuzi 35, na kinachochosha zaidi ni fukuto la usiku, kwa sababu hewa imejaa unyevu wa bahari kiasi kwamba miwani huingia ukungu mara utokapo kwenye chumba chenye kiyoyozi. Salalah, iliyo takriban kilomita 1,000 kusini-magharibi, hubaki kwenye nyuzi 25 hivi, chini ya mawingu na manyunyu. Msimu huo huitwa kharif, na huhesabiwa kuanzia tarehe 21 Juni hadi 21 Septemba. Mbebee mama sweta jepesi.

Mpenda hali ya hewa

Naongeza sababu yake, kwa kuwa inatuhusu sisi watu wa pwani. Upepo unaoleta kharif ni ndugu wa kusi: ukishavuka ikweta hugeuka na kuvuma kutoka kusini-magharibi, sambamba na ufuo wa Dhofar, mkoa wenye Salalah, ukiyasukuma maji ya juu kwenda bahari kuu, na maji baridi ya kilindini yakapanda kushika nafasi yake. Hewa inayopita juu ya maji hayo hupoa na kufanya ukungu, lakini hauwezi kupanda sana, kwani hewa kavu na ya moto ya jangwani imeufunika kama mfuniko wa sufuria. Hivyo hujibanza kwenye miteremko inayoelekea bahari, ambako miti huyanasa matone na kuyadondosha ardhini. Ukiupita mlima kuelekea mji wa jangwani wa Thumrait unakutana na jua na vumbi. Kwa hiyo msitegemee utabiri wa Oman nzima. Tazameni wa Salalah peke yake.

Dereva wa njia ya Salalah

Mwanzoni mwa Septemba upepo huanza kulegea, kama ilivyo kwenu demani inapoingia, na siku za jua huongezeka ingawa asubuhi nyingi bado zina ukungu. Mimi naupenda wakati huo kuliko Agosti, maana milima ingali kijani na msongamano wa wageni umepungua. Bahari, hata hivyo, bado huchafuka, kwa hiyo msiogelee kwenye ufuo wa Mughsail. Mjomba wako (na asibishe) ashuke mlima kutoka Thumrait mchana, kwa mwendo mdogo, kwa sababu ukungu hukuvaa ghafla baada ya saa nyingi za jangwa jeupe. Mkizuru pia milima ya Hajar, kaskazini mwa Oman, mvua za radi huko hunyesha alasiri, na wadi (bonde la mto mkavu) hujaa maji hata pale ulipo pakiwa pakavu. Msiegeshe gari ndani yake. Salalah mtauziwa madafu kando ya barabara, mama hatajiona mgeni.