Tupeane uzoefu: Ulikosea wapi ulipochagua vifaa vya kompyuta ya mezani ukiwa mwanafunzi?

Bisibisi Moja: Wadau, jana nilikuwa nikitafuta vyeti kwenye droo, nikakutana na prosesa (ubongo wa kompyuta) yangu ya kwanza, na uchungu wote ukanirudia. Niliinunua kwa akiba ya mwaka mzima kwa kuwa ilikuwa nafuu kuliko pacha wake, bila kujiuliza herufi F iliyo mwishoni mwa namba yake ina maana gani. Maana yake ni kwamba haina sehemu ya kuchakata picha, nami kadi ya picha nilipanga kuinunua baadaye. Feni zilizunguka, taa zikawaka, kioo kikabaki cheusi kwa miezi minne. Sasa mdogo wangu anaingia chuo, ana fedha kidogo pamoja na kompyuta chakavu ambayo anataka kurithi kasha na pawa saplai (kifaa kinachogawa umeme) yake. Wenye makovu mseme.

Pini Iliyopinda: Mimi nililinganisha soketi ya prosesa na ya ubao mama (ubao mkuu wenye soketi, yaani tundu inamokaa prosesa), nikaona zote ni za pini 1151, nikaridhika. Kumbe soketi hiyo ilianza mwaka 2015, na prosesa za Intel za kizazi cha nane zilizotoka mwaka 2017 zilibaki na hesabu ileile ya pini bila kukubaliana na mbao za mwanzo. Kuingia iliingia, kuwaka ndiko kulikoshindikana. Asome orodha ya prosesa zinazokubaliwa na ubao wake, pamoja na toleo linalohitajika la BIOS (programu ya ubao inayowasha kompyuta), asihesabu pini.

Herufi Ndogo: Naunga mkono. RAM (kumbukumbu ya muda) za aina ya DDR4 na DDR5 nazo zote zina pini 288, ila pengo la katikati limehamishwa, nami nililazimisha.

Mkopo Haujatoka: Nilikuwa nimeapa kutoisimulia habari hii. Nilimaliza karibu fedha zote kwenye prosesa na kadi ya picha, kisha nikanunua pawa saplai kwa kilichobaki, nikiamini kwamba umeme ni umeme. Iliandikwa Wati 600 kwa herufi kubwa, nayo ilikuwa nyepesi kiasi kwamba niliibeba kwa vidole viwili na kuisifu kwa wepesi huo. Ilidumu miezi sita. Usiku wa kuamkia siku ya kuwasilisha tasnifu, nikiwa nimeiacha kompyuta ikichakata data za utafiti, nilisikia mlio mkavu kama wa kuni inayopasuka, nikaona cheche kupitia matundu ya feni, na chumba kikajaa harufu ya plastiki iliyoungua. Mwenzangu aliamka akidhani nimechoma godoro. Asubuhi ndipo niliposoma lebo kwa makini: njia ya volti 12, ambayo ndiyo inayolisha prosesa na kadi ya picha, ilikuwa na amperi 18 tu. Zidisha 12 kwa 18, unapata Wati 216. Zilizobaki zilikuwa pambo. Ubao mama ulikufa, SSD (diski ya kuhifadhia data) ikaufuata.

Swali Fupi: Na tasnifu je?

Kale Dhahabu: Ndiyo maana husema mwanafunzi asiunganishe chochote. Anunue kompyuta ya ofisini iliyotumika, aiongezee SSD, atulie.

Mistari Mitatu: Atatulia mpaka atakapohitaji kadi ya picha. Nyingi za hizo zina pawa saplai ndogo yenye plagi za kipekee badala ya ile ya kawaida ya pini 24, kwa hiyo hata kuibadilisha ni shida.

Kale Dhahabu: Zipo kadi zisizohitaji waya wa ziada, kwa kuwa tundu la ubao mama inapochomekwa kadi hutoa lenyewe hadi Wati 75. Au ni lazima mwanafunzi acheze michezo mikubwa?

Mistari Mitatu: Sichezi, ndugu. Ninasoma usanifu majengo.

Swali Fupi: Jamani, tasnifu je?

Mkopo Haujatoka: Rasimu ya wiki tatu nyuma ilikuwa kwenye barua pepe ya msimamizi wangu, aliyekuwa ameikataa. Niliwasilisha hiyohiyo.

Nane Mara Mbili: Poleni. Turudi kwa mdogo wetu: akichagua prosesa yenye sehemu ya picha ndani, anunue RAM mbili za GB 8 badala ya moja ya GB 16, kwa sababu sehemu hiyo huazima RAM ya kawaida, na RAM zikiwa mbili data hupita njia mbili kwa pamoja.

Herufi Ndogo: Achukue moja ya GB 16, aache nafasi ya kuongeza atakapopata fedha.

Nane Mara Mbili: Atakapopata lini?

Bisibisi Moja: Nimempigia. Lebo ya ile pawa saplai inasema amperi 14.

Mkopo Haujatoka: Wati 168. Aitoe chumbani.

Kale Dhahabu: Kwa prosesa ya Wati 65 isiyo na kadi ya picha, hizo zinatosha. Tusimtishe mtoto.

Mkopo Haujatoka: Yangu ilidanganya kuhusu Wati; lebo hii utaiamini kuhusu amperi?

Bisibisi Moja: Anasema ndiyo inayowasha ile kompyuta chakavu sasa hivi, naye anaandikia hapohapo barua ya kuomba chumba cha bweni.

Pini Iliyopinda: Basi ainakili barua kwenye flashi kwanza, ndipo azime.