Naomba ushauri: baba hataki kulima, anasema Mfalme yu karibu

Shikamooni wakubwa, wengine habari zenu.

Tangu Goma itekwe Januari 2025, baba yangu habanduki redioni. Akisikia Gaza, akisikia Ukraine, anafungua Mathayo 24, "vita na matetesi ya vita", anatikisa kichwa: "Mfalme yuko mlangoni." Mvua imeshaanza. Mbegu za mahindi bado ziko kwenye debe chini ya kitanda, jembe limeota kutu.

Mimi pia namngoja Yesu, tena sana, kwa hiyo msinielewe vibaya. Nilimsomea kwamba siku ile na saa ile hakuna aijuaye. Akanijibu, "Kwani mimi nimetaja siku?" Nikaishiwa maneno. Nikamweleza wafuasi wa mhubiri William Miller kule Marekani, baadhi yao waliacha mazao shambani wakingoja Yesu arudi 22 Oktoba 1844, siku ikapita. Akasema hao walikosea hesabu tu!

Sasa nafikiria Luka 19, yule bwana aliyekwenda kujipatia ufalme akawaachia watumwa fedha: "Fanyeni biashara hata nitakapokuja." Je, nianzie hapo, au nimwite mzee wa kanisa? Sitaki aone namvunja imani. Mama ameshaanza kukopa unga.