Tupeane uzoefu: serikali ya Congo ilipoondoka Goma na Bukavu, ulimwendea nani?

Tangu waasi wa M23 waingie Goma Januari 2025, kisha Bukavu mwezi uliofuata, habari ni za majeshi tu: Rwanda, Burundi, SADC (nchi za kusini mwa Afrika), MONUSCO (walinda amani wa UN). Tuelezane ya raia. Ukiibiwa, ukitaka hela yako, ukitaka karatasi, ulikwenda wapi?

Naanza. Kwetu Goma dola haikuondoka siku moja. Mei 2021 ilipotangazwa état de siège, yaani utawala wa kijeshi wa dharura, gavana wa kiraia alipisha mwanajeshi, na kesi za jinai zikapelekwa mahakama za kijeshi. Ya wizi ya jirani yangu ilipotelea huko. M23 walipofika, tulishazoea kumaliza mambo wenyewe, kwa chef wa avenue (kiongozi wa mtaa) au kwa mchungaji.

*Mwana Birere:* Mimi ni mwalimu. Benki zilipofungwa nilivuka mpaka wa Petite Barrière hadi Gisenyi, Rwanda, kutoa mshahara. Yaani Kinshasa inanilipa, nami naufuata kwa nchi ambayo Kinshasa inasema imetuvamia! Wakala naye akate chake.

*Mama Mihogo:* Huku Kivu Kusini, vijijini, tuna Wazalendo, wanamgambo wanaopigana na M23. Ni watoto wetu, na jeshi lilipokimbia wao walibaki mlimani, hilo siwanyimi. Ila hawana mshahara, kwa hiyo wanakula kwa kutoza watu kwenye vizuizi vya barabarani. Nililipa nikapewa jeton (risiti) yenye mhuri. Mbele kidogo, kundi lingine, Wazalendo vilevile, wakaikataa, nikalipa tena. Mihogo ilifika sokoni haina faida.

*Dereva wa Sake:* Mnasahau Wakenya. Walipokuja Novemba 2022 na kikosi cha Afrika Mashariki tulidhani wamekuja kupigana. Wao wakasema wanasimamia usitishaji vita. Desemba 2023 wakafunga mizigo.

*Asiyetajwa:* Mtanitukana, lakini mtaani kwetu wezi wa usiku wamepungua tangu M23 waje. Jumamosi ni salongo, kazi ya pamoja ya usafi, usipokwenda wanakuuliza. Shida ni kwamba ukionewa na wao wenyewe, hakuna mlango wa kugonga.

*Mwana Birere:* @Asiyetajwa, hao wezi wengine walitoroka gereza la Munzenze siku ile mji unaanguka. Usiwape sifa mapema.

*Mama Mihogo:* Mjukuu wangu kazaliwa Bukavu baada ya mji kuchukuliwa. Aliyekwisha kuandikisha mtoto aseme: cheti kimesainiwa na nani, na ofisi za serikali huku Uvira wamekipokea?